Moluska kwa macho yako: mwongozo wa kuanza kuwajua konokono, chaza, pweza na jamaa zao

Konokono anayepanda ukuta baada ya mvua, chaza aliyegandamana na mwamba na pweza anayejibanza pangoni ni ndugu. Ukiwatazama kwa haraka hutaamini. Mmoja amebeba nyumba mgongoni, wa pili hana hata kichwa, na wa tatu ana minyiri minane na akili ya kufungua kifuniko cha chupa. Hata hivyo wote wamejengwa kwa ramani moja, na mwongozo huu unakusaidia kuiona mwenyewe badala ya kuikariri. Utahitaji konokono mmoja wa nchi kavu, magamba machache matupu na uvumilivu wa siku saba hivi.

Hatua ya 1: Ijue ramani ya mwili

Moluska ni wanyama wenye mwili laini wasio na uti wa mgongo. Spishi zaidi ya 70,000 zinazoishi leo zimekwisha kuelezwa na wanasayansi, na ni kundi la pili kwa wingi wa spishi baada ya lile la wadudu, buibui, kaa na jamaa zao. Kwa kila moluska utakayemshika, tafuta sehemu nne.

Kwanza mguu, yaani msuli wa kutambalia au kuchimbia. Pili joho, ngozi iliyokunjika na kuyafunika matumbo. Tatu gamba, ambalo kwa wengi limejengwa kwa kalsiamu kaboneti, madini yaleyale yaliyomo katika chokaa. Nne radula, utepe wa mdomoni uliojaa meno madogo mno, ambao mnyama huutumia kukwangua chakula kama seremala anavyokwangua mbao kwa tupa.

Kila kundi limezichukua sehemu hizi na kuzigeuza kwa namna yake. Kwa koa, gamba limesinyaa hadi kubaki kibapa chini ya ngozi, au limetoweka kabisa. Chaza na wenzake wenye magamba mawili wamepoteza radula na kichwa. Kwa pweza, mguu wa mababu zake ndio uliogeuka kuwa minyiri. Kwa hiyo usianze kwa kuuliza kama mnyama ana gamba, maana swali hilo litakupoteza mara nyingi. Uliza joho liko wapi. Ndilo linalojenga gamba, na hata mahali gamba lilipotoweka, joho limebaki.

Hatua ya 2: Andaa vifaa

- Chupa ya kioo yenye mdomo mpana, ya lita 3 au zaidi
- Udongo wa bustani usiotiwa mbolea wala dawa, wa kujaza kimo cha sentimita 5
- Kipande cha chandarua na mpira wa kukifungia mdomoni mwa chupa
- Kioo cha kukuzia, chenye kukuza mara 5 hadi 10
- Rula, daftari na penseli (wino wa kalamu huchuruzika daftari likilowa)
- Maganda ya mayai yaliyooshwa, yakakaushwa na kusagwa
- Siki nyeupe ya kawaida, nusu glasi

Maji ya bomba yenye klorini yaache katika chombo kilicho wazi usiku kucha kabla ya kuyatumia. Maji ya mvua yaliyokingwa katika chombo kisafi ni mazuri zaidi.

Hatua ya 3: Mpate konokono bila kumuumiza

Toka usiku au alfajiri baada ya mvua. Angalia chini ya majani yaliyooza, chini ya magogo na kwenye kuta zenye unyevu. Chagua mmoja mwenye gamba la sentimita 2 au zaidi, kwa kuwa wadogo kuliko hapo ni vigumu kuwachunguza.

Hapa ndipo wengi hukosea. Wanamshika konokono kwa gamba na kumvuta kwa nguvu. Mwili wake umeshikamana na gamba kwa msuli unaopita hadi ndani kabisa ya mzunguko, na ukimvuta unaweza kuuchana. Tena ukingo wa mdomo wa gamba ndiyo sehemu inayokua, kwa hiyo kwa konokono mchanga huwa mwembamba na hukatika kwa kubonyezwa tu. Mnyunyizie maji kidogo, sukuma jani gumu taratibu chini ya sehemu ya mbele ya mguu, naye atalipanda mwenyewe.

Usimle, usimlambe, usimbusu, hata marafiki wakikutania. Konokono na koa hubeba vimelea, wakiwemo minyoo wa mapafu ya panya, ambao kwa binadamu huweza kufika kwenye utando wa ubongo. Osha mikono kwa sabuni kila unapomaliza kumshika. Konokono wa maji baridi usiwafuate mtoni au bwawani kwa kuingia miguu mitupu: baadhi yao hutoa mabuu wa kichocho, na mabuu hao hupenya ngozi ya mtu aliye ndani ya maji. Hao watazame kutoka ukingoni.

Hatua ya 4: Mtengenezee makazi ya muda

Weka udongo katika chupa na uunyunyizie maji. Kipimo ni hiki: ufinyange mkononi. Ukishikana bila kudondosha maji, unatosha. Ukitiririsha, umezidi. Ongeza majani makavu na kipande cha gome, kisha funga chandarua.

Mpe jani la letasi, kipande cha tango au karoti, na uondoe mabaki kila asubuhi. Kando weka kijiko 1 cha chai cha maganda ya mayai yaliyosagwa. Konokono hula kalsiamu kwa ajili ya gamba lake, na akiikosa kwa muda mrefu gamba hubaki jembamba.

Mambo matatu huharibika sana katika hatua hii. Chupa ikiwekwa juani, kioo hufungia joto na mnyama hufa kwa muda mfupi, kwa hiyo iweke kivulini. Udongo ukilowa kupita kiasi, chakula huoza, chupa hunuka na utitiri hujaa. Hapo badilisha udongo wote. Ukikauka mno, konokono hujifungia ndani na kuziba mdomo wa gamba kwa utando mkavu kama karatasi. Wengi hudhani amekufa na kumtupa. Hajafa! Usimbandue. Mnyunyizie maji yasiyo baridi, umwache kivulini, na mara nyingi atachungulia mwenyewe. Konokono aliyekufa kweli hutoa harufu kali ya uvundo, na mwili wake haujivuti hata ukiugusa.

Chumvi isimkaribie. Huvuta maji kutoka mwilini mwake kupitia ngozi, naye hufa kwa mateso.

Hatua ya 5: Mtazame karibu

Anza na mguu. Msubiri apande ukuta wa chupa, kisha mwangalie kwa upande wa nje wa kioo. Utaona mistari ya kivuli ikisafiri chini ya mguu kutoka mkiani kwenda kichwani, mmoja nyuma ya mwingine, bila kukoma. Yale ni mawimbi ya msuli: kila mstari ni sehemu ndogo inayonyanyuka, kusogea mbele kidogo na kutua, huku sehemu nyingine zikiwa zimeshika kioo. Hesabu mistari iliyopo kwa wakati mmoja. Kisha hesabu ni mingapi inafika kichwani kwa nusu dakika. Konokono wa bustani huenda karibu milimita 1 kwa sekunde. Pima wa kwako kwa rula na saa, na uandike pia kama kioo kilikuwa kikavu au kimelowa.

Nenda kichwani. Konokono wengi wa nchi kavu wana jozi mbili za vipapasio. Ile ndefu ya juu ina jicho kwenye kila ncha, kidoti cheusi. Jicho hilo hutofautisha mwanga na giza lakini halioni picha safi kama lako. Ile fupi ya chini hunusa na kuonja ardhi. Gusa kwa upole, kwa ncha ya unyasi, ubavu wa kipapasio cha juu. Kitazama ndani kama kidole cha glavu kinachovutwa kutoka ndani, na jicho litaonekana likishuka chini katikati ya bomba lake. Fanya hivyo mara moja au mbili tu, umwache apumzike.

Sasa tafuta tundu la kupumulia. Kwa konokono ambaye gamba lake limejipinda kuelekea kulia, na wengi mno ndivyo walivyo, liko upande wa kulia, karibu na ukingo wa gamba. Hufunguka na kufumba polepole. Ndani yake joho limegeuka kuwa pafu. Konokono wengi wa baharini, wao, wana matamvua katika nafasi hiyohiyo.

Jaribio la radula linanifurahisha kuliko yote. Changanya kijiko 1 cha chai cha unga wa ngano na vijiko 2 vya maji, paka utando mwembamba kwenye kipande cha kioo, uache ukauke kwa saa 1. Mweke konokono juu yake jioni. Baada ya muda utaona njia yenye mikwaruzo midogo inayopinda huku na huku: kila alama ni mlambo mmoja wa radula. Meno yake ni maelfu, yamepangwa kwa safu, na ya mbele yakiisha makali mengine husogea kuchukua nafasi. Utando ukiwa mnene utabanduka vipande vipande na hutaona alama yoyote. Unga usiwe umetiwa chumvi.

Kwa habari ya meno, konokono-mwamba wenye gamba la umbo la kofia, wale wanaong'ang'ania miamba ya baharini, wana meno yaliyoimarishwa kwa madini ya chuma. Yalipopimwa na watafiti, matokeo yaliyotangazwa mwaka 2015 yaliyaweka miongoni mwa vitu imara zaidi vilivyowahi kupimwa kutoka kwa kiumbe hai.

Siku ya 7, au kabla, mrudishe palepale ulipomtoa. Usimwachilie mahali pengine. Konokono wakubwa wa Afrika waliopelekwa katika visiwa vya Pasifiki waligeuka balaa la mashamba. Ili kuwadhibiti, miaka ya 1970 aliletwa konokono mla-konokono, Euglandina rosea, katika visiwa vya Polinesia ya Kifaransa. Yeye akawageukia konokono wadogo wa asili wa jenasi Partula, na spishi nyingi zao zikatoweka porini.

Hatua ya 6: Lisome gamba tupu

Gamba ni kumbukumbu ya maisha, ukijua pa kutazama. Kabla ya kuliokota, chungulia ndani. Kama kuna kaa aliyehamia humo, au mwenye nyumba bado yupo, liache.

Gamba moja lililozunguka: lishike ncha ikiwa juu na mdomo ukikuelekea. Mdomo ukiwa upande wako wa kulia, gamba ni la kulia. Ukiwa kushoto, umepata kitu adimu katika spishi nyingi, ingawa zipo spishi ambazo kushoto ndiyo kawaida yao. Kwa kuwa gamba hukua mdomoni tu, ile ncha ndogo kabisa ni gamba alilokuwa nalo akiwa mtoto. Hakuvua gamba lake kamwe, aliliendeleza. Makovu yanayokwenda sambamba na ukingo wa mdomo ni mahali ukuaji uliposimama au gamba lilipovunjika na joho likaziba. Gamba likiwa linang'aa kama limepigwa vanishi, kama la simbi, jua kwamba joho lilikuwa linatoka nje na kulifunika pande zote.

Magamba mawili, kama ya chaza na kome: geuza upande wa ndani na uinamishe kuelekea mwanga. Madoa laini ya mviringo ni mahali misuli ya kufungia iliposhika. Mengi yana madoa mawili. Chaza huwa na doa moja kubwa. Kwenye bawaba kuna ukano unaosukuma magamba yafunguke, kwa hiyo mnyama hutumia nguvu kufunga, si kufungua. Ndiyo sababu akifa hubaki wazi.

Kisha fuata mstari mwembamba unaounganisha madoa hayo mawili. Kama unakwenda sambamba na ukingo, mnyama aliishi juu ya mchanga au karibu na uso wake. Kama umeingia ndani kwa pembe kama ghuba kwenye ramani, alikuwa na mirija mirefu ya kuvutia maji, na ghuba hiyo ndiyo nafasi ya kuificha mirija. Huyo alijichimbia chini. Ghuba ikiwa kubwa, mara nyingi na kina kilikuwa kikubwa. Mnyama hayupo, nawe umeshajua alikolala.

Angalia pia tundu la mviringo lililo safi kama limetobolewa kwa keekee. Hiyo ni kazi ya konokono mwindaji, aliyelainisha gamba kwa kemikali huku akilikwangua kwa radula. Tundu pana nje na jembamba ndani, kama faneli, kwa kawaida ni la konokono-mwezi. Lenye kingo zilizonyooka ni la jamii ya mureksi. Ukiona tundu ambalo halikufika ndani, mwindwa alinusurika, au mwindaji alikatizwa.

Mistari ya ukuaji ya baadhi ya magamba huhesabika kama ya mti. Kombe mmoja wa spishi Arctica islandica, aliyevuliwa karibu na Aisilandi mwaka 2006, alihesabiwa miaka 507.

Hatua ya 7: Jaribu kwa siki

Dondosha siki juu ya kipande cha gamba tupu. Mapovu yakitoka, ni kalsiamu kaboneti inayotoa kaboni dioksidi. Kiache ndani ya nusu glasi ya siki kwa saa 24. Kitapungua na kulainika, na pengine kubaki utando mwembamba wa protini uliokuwa umeyashikilia madini. Rudia kwa kile kibapa cheupe cha dome (jamaa wa pweza na ngisi) kinachookotwa ufukweni: nacho kinatoa mapovu, kwa hiyo ni gamba, ingawa dome hulibeba ndani ya mwili. Lina vyumba vyembamba vya gesi vinavyomsaidia kuelea. Ukipata ngisi wa jikoni, vuta ule ubapa unaopenyeza mwanga mgongoni mwake na uujaribu pia. Hautoi mapovu. Umejengwa kwa kitini, kitu kilekile kilichomo katika maganda ya wadudu, na chokaa yote imeachwa.

Jaribio hili ni la vipande vilivyokufa tu. Siki isimguse mnyama hai, wala usisafishie magamba unayotaka kuyahifadhi.

Hatua ya 8: Mweke kila mmoja katika ngeli yake (kundi lake kuu)

Gamba moja, au hakuna gamba lakini kuna kichwa chenye vipapasio na mguu mpana wa kutambalia: gastropoda. Hii ndiyo ngeli kubwa kuliko zote, na ya pekee iliyofika nchi kavu.

Magamba mawili yenye bawaba, bila kichwa: bivalvia. Wengi huchuja chakula majini kwa matamvua yao. Humu yumo kombe jitu, Tridacna gigas, anayepita kilo 200, na humu pia yumo mnyama anayetoboa mbao za majahazi, ambaye watu humdhania mnyoo.

Minyiri kuzunguka mdomo: sefalopoda. Pweza ana minane. Ngisi na dome wana minane na miwili mirefu ya kukamatia. Nautilasi ana mingi zaidi, nyembamba, na ndiye pekee kati yao aliyebaki na gamba la nje lenye vyumba. Pweza ana mioyo mitatu, miwili ya kusukuma damu kwenye matamvua na mmoja wa mwili mzima. Damu yake ni ya buluu kwa sababu inabeba oksijeni kwa shaba, siyo kwa chuma kama yetu.

Vibapa 8 vilivyopangana mgongoni kama vigae: chitoni. Bomba mithili ya pembe ndogo ya ndovu, lililo wazi pande zote mbili: skafopoda. Ziko pia ngeli ndogo za bahari kuu ambazo hutaziona ufukweni. Mojawapo, monoplakofora, ilijulikana kwa visukuku tu hadi mwaka 1952, meli ya utafiti ya Denmark, Galathea, ilipowapandisha walio hai kutoka kina cha zaidi ya mita 3,500 katika Pasifiki.

Usidanganywe na wanaofanana nao. Vile vikofia vyeupe vya miambani vyenye mlango wa vibapa juu ni jamaa wa kaa. Ukilowesha utaona miguu yenye manyoya ikichota maji. Brakiopodi, wanyama wa baharini wasio moluska, nao wana magamba mawili, lakini ukichora mstari katikati ya gamba moja, nusu mbili zinalingana. Kwa kome, ulinganifu uko kati ya gamba la kushoto na la kulia.

Wawili usiwaguse kabisa wakiwa hai. Konokono wa baharini mwenye gamba la umbo la koni hurusha jino lenye sumu kama chusa, na baadhi ya spishi zimeua watu. Hana upande salama wa kushikia. Sumu ya mmoja wao, Conus magus, ilizaa dawa ya maumivu makali iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2004. Wa pili ni pweza mdogo mwenye pete za buluu, ambaye kuuma kwake huenda usikuhisi.

Hatua ya 9: Hifadhi na uandike

Loweka magamba katika maji baridi usiku kucha, sugua kwa mswaki wa zamani, kausha kivulini. Yahifadhi katika chombo cha kioo au plastiki. Sanduku la mbao kama za mwaloni, na hata katoni duni, hutoa mvuke wa asidi, na baada ya miezi au miaka unga mweupe huota juu ya magamba. Kwa macho unaweza kuudhani ukungu. Ukiuona, osha kwa maji safi, kausha vizuri, badilisha chombo. Sehemu iliyokwisha kulika hairudi.

Andika namba ndogo kwa penseli ndani ya kila gamba, na namba hiyohiyo daftarini pamoja na tarehe, mahali hasa, aina ya ardhi (mchanga, tope, mwamba, majani), na kama lilikutwa likiwa na mwenzake. Jina la spishi liwe la mwisho kuandikwa, na kama una shaka andika ngeli tu, uache nafasi.